Simba wa Cheti cha Kisomo

Jumatatu, 6 Septemba 1954. Handeni.

Leo nimejitolea. Sikuombwa. Nafasi ilikuwa wazi, na mdomo wangu ukawahi.

Mwalimu Petro, yule anayefundisha kisomo cha watu wazima bandani karibu na soko, alituita alasiri. Akasema wanafunzi wake, wengi wao akina mama waliozeekea shambani, wamemaliza vitabu vyao. Mkaguzi wa elimu atakuja kutoka Tanga Jumamosi ya tarehe ishirini na tano kuwapa vyeti. Kisha akasugua kidevu. Vyeti vyenyewe havipo. Na kuna jambo la pili, zito zaidi: mkaguzi amesikia kwamba wazee wa hapa hawasomi, wanaimba tu walichokariri. Akithibitisha hivyo, kisomo kitafungwa na mwalimu atahamishwa.

La pili sikulisikiliza sana. Nilikuwa bado kwenye vyeti.

Maishani nimeona cheti kimoja tu, cha dresa, mfunga vidonda wa zahanati. Kina taji juu, mstari wa dhahabu pembeni, na herufi zilizonyooka kama askari wa gwaride. Siku ile nilisimama mbele yake nikasahau jino lililonipeleka.

Nikainuka. Nikasema mimi, Kibwana Semboja, mchora vibao, nitavitengeneza. Jumbe Mhina, mwenyekiti wa kamati ya kisomo, akauliza kama nimewahi kutengeneza cheti. Nikamjibu kwamba kibao na cheti ni ndugu, tofauti yao ni msumari.

Salimu fundi cherehani akacheka kwa pua. Akawakumbusha watu kibao nilichomchorea muuza nyama, kinachosomeka DUKA LA NYA, na lile MA limepanda juu kwa sababu ubao uliisha. Nikasema huo ni mtindo wa kisasa. Salimu akasema yeye anaweza kudarizi vyeti juu ya kitambaa, na kitambaa hakikunjiki vibaya. Husuda, hakuna zaidi.

Kamati ikanipa mimi. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa bado nimesimama.

Nakumbuka sasa kwamba mama mkwe wangu, Bi Mwatumu, ni mwanafunzi katika darasa hilo. Hajapata kunisemesha uso kwa uso tangu nimwoe bintiye. Sisi Wazigua mkwe humheshimu mkwewe kwa mbali, lakini yeye anaiheshimu heshima yenyewe kupita kiasi. Akiwa na neno nami humwambia mke wangu Zuena, hata kama nimekaa hapo hapo naokota mbaazi kwenye sahani moja na huyo Zuena. Akipokea cheti cha mkono wangu, huenda siku hiyo akanitazama.

Jumatano, 8 Septemba.

Rangi. Siku nzima rangi.

Rangi za vibao ni nzito mno kwa karatasi. Nimejitengenezea mwenyewe. Nyeusi kwa masizi ya chungu. Njano kwa manjano ya jikoni. Nyekundu kwa mbegu za zingefuri alizonipa jirani. Bluu kwa ile buluu ya kufulia, na hapo ndipo nilipokwama kwa mshangao. Chembe moja ndogo ndani ya kikombe cha maji, na kikombe kikawa mbingu. Nilikaa nikiitazama mpaka uji ukapoa. Kwa miaka yote hii tumekuwa tukiimwaga uani pamoja na povu la mashati.

Nikatumia zote kwenye karatasi ya mfano wa cheti. Kwa nini niiache hata moja? Mstari wa nje bluu, wa pili njano, wa tatu nyekundu, wa nne kijani, ambayo imezaliwa yenyewe pale njano ilipovuja ikakutana na bluu. Nikachanganya na asali kidogo ili zing'ae. Ziling'aa kweli.

Zuena akapita na ungo. Akasema inafanana na sahani ya harusi baada ya wageni kuondoka. Nikamwambia uzuri mwingi huchosha macho mwanzoni.

Nimeiweka dirishani ikauke.

Alhamisi, 9 Septemba.

Asali haikuwa wazo zuri. Asubuhi nilikuta sisimizi wamejipanga kutoka ukutani hadi kwenye karatasi, safu moja imara. Wamekula njano yote na sehemu ya nyekundu. Bluu hawakuigusa.

Hata hivyo nilisimama nikawatazama. Walikula kwa kufuata mstari wangu. Hawakutoka nje ya mstari hata mmoja.

Ijumaa, 10 Septemba.

Cheti bila picha ni tangazo tu. Nimechora simba.

Simba wa kweli nimemsikia mara nyingi, huko upande wa Kwamsisi, ila kumwona nilimwona mara moja, kwa mbali, nikiwa juu ya mti, na sikuwa na utulivu wa kuangalia pua. Basi pua nimeibuni. Macho nimeyabuni. Nilipomaliza niliona ni simba mwenye fikra. Nikampeleka kwenye kamati baada ya swala ya Ijumaa.

Watu wakatazama. Mmoja akakohoa. Salimu akamtazama simba, akamtazama Jumbe Mhina, akamtazama simba tena, akainama kufunga kamba ya kiatu. Salimu alivaa makubazi.

Ndipo nami nikaona. Mashavu yale. Kope zile zilizolegea. Nilikuwa nimemchora Jumbe.

Jumbe aliishika karatasi kwa muda mrefu mno. Nilianza kufikiria nitahamia wapi. Nina binamu Mkumbara. Hatimaye akasema ni kazi nzuri, ana jambo moja tu la kuomba: nywele za shingoni ziongezwe. Jumbe ana kipara tangu nikiwa mtoto.

Nikaziongeza pale pale. Kamati ikapitisha simba kwa kauli moja. Salimu alikuwa na mchoro wake wa tausi mfukoni. Hakuutoa.

Jumamosi, 11 Septemba.

Bi Mwatumu amekuja kuona. Alikaa kwenye mkeka, akanipa ubavu, akaishika karatasi mbali na macho. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia kwa kuutazama mlango.

Kisha akasema, "Zuena, muulize mumeo simba wa nini."

Zuena akanitazama. Nikamwambia Zuena kwamba simba ni alama ya nguvu.

"Mwambie alikula mbuzi zangu mwaka wa njaa. Siwezi kumtundika ukutani nikala naye."

Nikaeleza kwamba huyu ni simba wa karatasi. Akasogeza kidole chake kwenye karatasi polepole, kama mtu anayetafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto. Akapita mistari ya rangi, akampita simba, akafika chini ambako nilikuwa nimeandika kwa herufi za mikia KIMECHORWA NA KIBWANA SEMBOJA, BINGWA. Akasoma lote, kwa sauti, silabi baada ya silabi. Hata BINGWA.

Mama huyu mwaka jana alikuwa akiweka alama ya dole gumba. Leo jina langu limetoka kinywani mwake, ambako halijapata kukaa, na amelitoa kwenye karatasi.

Akauliza, "Zuena, na jina langu mimi litakaa wapi?"

Nikaonyesha kijistari kati ya simba na mimi. Nilikiri moyoni kwamba kilikuwa chembamba.

"Mwambie humo ataingia panya. Mimi ni Mwatumu binti Kilango."

Akaondoka. Nimefuta BINGWA. Baadaye nimefuta na mikia. Jina langu sasa liko pembeni, dogo, na kijistari kimekuwa barabara. Inauma, lakini ni mkwe.

Jumanne, 14 Septemba. Korogwe.

Nimelala kwa rafiki yangu hapa Korogwe. Leo nimeona mambo.

Nilikuja na basi la asubuhi. Vumbi mpaka kwenye meno, kisha mkonge, mistari kwa mistari, kana kwamba mtu ameichania nchi kwa kitana, na nyuma yake milima ya Usambara imesimama bluu. Bluu ile ile ya kikombe changu. Nikamwonyesha jirani yangu kwenye kiti. Akasema ni milima tu.

Mpiga chapa wa Korogwe ni Mgoa anayeitwa Bernardo, mtu mwenye sharubu zilizopakwa mafuta na sauti ya kuwagombeza wateja. Anachapa kadi za harusi na lebo za marobota ya mkonge. Alipoiona karatasi yangu alivua miwani. Akauliza rangi hizi zote ni za nini, maana kila rangi ni lazima karatasi ipite mtamboni upya, na yeye ana nyeusi na nyekundu. Nikauliza bluu. Akasema nyeusi na nyekundu.

Kisha akavuta droo.

Sijui niandikeje. Ndani ya droo kulikuwa na vijumba vidogo vidogo, na ndani ya kila kijumba herufi, za risasi, zimelala kwa mamia. A zote zinakaa pamoja. Nyumba ya A ni kubwa kwa sababu, kasema Bernardo, Kiswahili kinakula A kama nyumba ya wageni inavyokula chumvi. Q zilikuwa chache, zina vumbi, hakuna anayeziita. Na zote, kila moja, zimeandikwa kinyume. Akaokota haraka kama kuku anavyodonoa mtama, akazipanga kwenye chuma, akazipaka wino, akaibana karatasi, akakanyaga pedeli. Mtambo ukafunga mdomo ukafungua. Ukatoka

KIBWANA

Nyeusi. Imenyooka. Haikutetemeka popote. Nimeliandika jina hilo maisha yangu yote na sikupata kuliona. Nilidhani nina jina, kumbe nilikuwa na mwandiko. Macho yalinilenga machozi, Bernardo akaniambia nisilowanishe karatasi.

Tukapanga cheti. Nilitaka herufi za aina tofauti kila mstari. Akasema herufi zikigombana hakuna anayesikia chochote. Nilitaka pembe zote zijazwe. Akasema weupe nao ni rangi, tena yeye haununui. Tukabishana sana juu ya hilo. Yeye mwenyewe alitaka kuweka njiwa wawili wa harusi pembeni kwa sababu anao tayari, chuma kizuri kutoka Bombay. Alikuwa na njiwa, kengele, baiskeli na ng'ombe. Aliwapenda sana njiwa. Nilimwambia Bi Mwatumu haolewi.

Mwisho tumekubaliana hivi: CHETI CHA KISOMO juu, nyekundu. Maneno mengine nyeusi. Nafasi pana ya jina. Chini, simba, na chini ya simba maneno KISOMO NI TAA, ambayo darasa huimba kila siku kabla ya kuanza. Simba na maneno hayo nitayachonga mwenyewe kwenye ubao mgumu, naye ataubana pamoja na herufi zake. Akanishika bega mlangoni akasema, "Kinyume. Uchonge kinyume, ili yatoke sawa. Umenielewa?"

Nikamwambia nimeelewa tangu kwenye droo.

Alhamisi, 16 Septemba. Handeni.

Nimepata kipande cha mninga. Nimechonga tangu alfajiri. Simba ametoka vizuri, ana nywele nyingi kuliko zamani.

Maneno nikayachonga kinyume kama nilivyoagizwa. Kisha, kwa kuwa mimi si mtu wa kubahatisha, nikachukua kioo cha Zuena nikakiweka mbele ya ubao nihakiki. Kiooni yakasomeka KISOMO NI TAA, safi kabisa.

Nikashtuka. Kioo hugeuza kila kitu. Kila mtu anajua hilo. Sasa kama kwenye kioo ni sawa, basi kwenye ubao ni kosa. Nilifikiri jambo hili kutoka pande zote. Nilizunguka nyumba nikilifikiri. Kila nilipozunguka lilizidi kuwa hivyo.

Nikayakwangua yote, nikachonga upya chini kidogo ili kioo kionyeshe kinyume. Mchezo umekuwa wa kuchosha, lakini Bernardo atashangaa kuona mtu makini.

Zuena aliuliza kwa nini sasa anaweza kuyasoma kwenye ubao bila shida. Nikamwambia huo ndio ufundi.

Jumamosi, 18 Septemba.

Ubao umekwenda Korogwe mikononi mwa dereva wa basi, umefungwa kwenye kanga. Salimu alikuwepo kituoni. Akauliza kama ni mtoto.

Alhamisi, 23 Septemba. Njiani.

Nimevichukua vyeti. Naandika kwenye basi, samahani kwa mistari.

Mwanzo nilivitazama kwa jumla tu. Jinsi nyekundu ilivyokaa juu ya weupe, peke yake, bila mtu wa kuisukuma. Ule weupe niliotaka kuujaza. Sasa naona unafanya kazi ya ukimya msikitini: kila kitu kilichomo kinasikika. Nilikaa nikivitazama tangu kituoni hadi tulipovuka mto.

Kisha nikatazama chini ya simba.

AAT IN OMOSIK. Na hiyo K imegeuza miguu, S imejikunja kwa nyuma, N imepinduka. Maneno yote yanakwenda kinyumenyume kama kaa.

Nikaomba basi lisimame. Halikusimama. Lingesimama ningefanya nini? Karatasi nzuri ya Bernardo ilikuwa imekwisha, alikwisha kuniambia. Nikakumbuka pia kwamba wakati ananikabidhi nilimwuliza kama maneno ya simba yametoka vizuri, akasema yametoka vizuri sana, yamekolea. Nadhani aliyaona. Nadhani alidhani ni Kizigua.

Ijumaa, 24 Septemba. Handeni.

Siku ya ajabu, nimepita kutoka shimoni hadi mlimani.

Asubuhi nilimpelekea Jumbe Mhina cheti kimoja, tayari kusema yote. Nilikuwa nimejiandaa kulaumu basi. Jumbe akavaa miwani, akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaitazama kwa heshima kubwa, hasa simba. Kisha akasoma mbele ya watu wote waliokuwa barazani, kwa sauti ya kutangaza kodi: "Kisomo ni taa." Bila kukwama. Akasema ni maneno mazito, yamechapwa vizuri.

Nilikaa chini. Kumbe kosa halionekani. Nililiona mimi kwa sababu nililijua. Jicho la mtu mkubwa hunyoosha mambo lenyewe.

Salimu hakunyoosha kitu. Alikuja jioni akaomba kuona, akatazama chini ya simba, akapiga mluzi mdogo. Akasema, nadhani kwa wema, kwamba ana utepe mwekundu wa kutosha. Anaweza kushona kipande juu ya maneno hayo kwenye kila cheti, kufumba macho na kufumbua, na mkaguzi ataona ni pambo.

Utepe wa Salimu juu ya cheti changu. Kisha kila ukuta wa Handeni watu waonyeshe utepe na kusema, hiyo ni kazi ya Salimu. Nilimwambia Jumbe mwenyewe amesoma bila shida, na yeye Salimu nani.

Akauliza, "Jumbe amesoma nini?"

Nikamwambia. Salimu akakunja utepe wake, akaniaga kwa adabu ambayo sijapata kuiona kwake.

Nimeandika majina kwenye vyeti vyote kwa mkono wangu, taratibu, kwa kalamu ya chuma. La Bi Mwatumu nimelifanya la mwisho, mkono ulipokuwa umezoea. Limejaa barabara yote.

Jumamosi, 25 Septemba.

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Watu walijaa bandani na nje. Akina mama walikuwa wamevaa kanga ambazo bado zina mikunjo ya dukani. Mkaguzi alikuwa Mwingereza mrefu, Kiswahili chake kizuri, cha vitabu. Alikaa mezani na vyeti vyangu mbele yake. Darasa likaimba "Kisomo ni taa" mara tatu. Aliandika kitu.

Akampa mzee mmoja kitabu asome. Mzee akasoma vizuri. Mkaguzi akafunga kitabu kidole chake kikiwa ndani, akamwambia aendelee. Mzee akaendelea, bila kitabu, ukurasa mzima. Alidhani ni sifa. Watu wakampigia makofi. Mwalimu Petro hakupiga. Uso wake ulikuwa umekuwa wa majivu.

Mkaguzi akasema kwa upole kwamba hivyo ndivyo alivyoogopa. Akasema kuimba si kusoma. Kisha akatazama meza, akachukua cheti cha juu. Akasema karatasi hii hakuna mwanafunzi aliyekwisha kuiona. Na asome mwenyewe.

Cheti cha juu kilikuwa cha mwisho nilichoandika.

Bi Mwatumu akaja mbele. Ni mfupi, meza ilimfika kifuani. Akaweka kidole. "Cheti cha Kisomo," akasoma. "Wilaya ya Handeni. Amepewa..." Kidole kikafika kwenye jina. Kikakaa. "Mwatumu binti Kilango," akasema, polepole, kama mtu anayegongewa mlango na kukuta mgeni ni yeye mwenyewe. Nilisikia njiwa juu ya bati. Nimefanya kazi ya herufi nusu ya umri wangu na sikujua zinaweza kumfanyia mtu vile.

Nikasahau kabisa kilichokuwa chini. Yeye hakusahau. Kidole kikashuka, kikampita simba bila kumsalimu, kikafika.

Akanyamaza.

Watu wakadhani amekwama. Nyuma wakaanza kumsaidia, kwa kunong'ona: "Kisomo ni..." Jumbe Mhina akasema kwa sauti, "Kisomo ni taa, mama." Bi Mwatumu akainua mkono, banda likanyamaza.

"A," akasema. "A-a-ti. Aat." Akasogeza. "In." Akarudi mwanzo. Akageuza kichwa, akageuza karatasi. Akamwambia mkaguzi, "Tunaloimba ni 'Kisomo ni taa'. Hapa halikuandikwa hilo. Hapa hakukuandikwa neno. Hizi herufi zimempa msomaji mgongo."

Kisha akageuka. Akatafuta kati ya watu mpaka akanipata nyuma ya nguzo.

"Kibwana," akasema. "Umeandika nini hapa?"

Si Zuena. Kibwana. Nilitafuta neno lolote la kusema, nikapata moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeandika nini?"

Mkaguzi alikuwa amekichukua cheti. Akakiinua kuelekea mwangani, akakitazama kwa nyuma ya karatasi, na midomo yake ikasogea. Alipokishusha alikuwa anajizuia kucheka, lakini macho yake hayakuwa ya kicheko. Akasema kwamba mtu aliyekariri angeyasema maneno yale bila hata kuangalia. Angeyasema kwa haraka zaidi. Akamtazama Mwalimu Petro, akasema hatamwuliza mwingine. Kisomo kitaendelea, na ataomba mwalimu wa pili.

Jumbe Mhina akakohoa, akaenda kuangalia kama gari la mgeni liko kivulini.

Wanafunzi wote wakapokea vyeti vyao, na kila mmoja aliposhika chake alitafuta jina kwanza, kisha akashuka kwa simba kuona lile kosa kwa macho yake, akalionyesha jirani yake kwa kidole. Banda zima lilikuwa linasoma. Nilisimama nyuma ya nguzo. Sijui kama nilikuwa na aibu. Nadhani ilikuwa ni ile hali ya siku ya droo.

Jumatatu, 27 Septemba.

Nimelala nikalifikiri jambo hili, na sasa linaeleweka.

Ningechonga sawa, Bi Mwatumu angesema "Kisomo ni taa", mkaguzi angesema ameimba, kisomo kingefungwa. Ningekubali utepe wa Salimu, ingekuwa vivyo hivyo. Kwa hiyo ulikuwa mtihani. Niliuweka mimi. Nimewaeleza watu sokoni kwamba niliuweka kwa makusudi, na kufikia mchana nilikuwa nakumbuka vizuri jinsi nilivyoupanga.

Salimu alisikiliza hadi mwisho. Akasema mtu akianguka juu ya kitanda asijiite fundi wa kuanguka. Husuda ya mafundi cherehani haina dawa.

Jumbe Mhina ameonekana bandani leo alasiri, benchi la nyuma, na kitabu cha kwanza. Amesema anakagua.

Zuena anasema mama yake amekitundika cheti mbele ya kitanda, na ameshona kipande cha kanga kumfunika simba. Bila shaka anamkinga na vumbi.

Alhamisi, 30 Septemba.

Mtu aliyenitaja kwa jina mbele ya mgeni wa serikali ni lazima nimshukuru. Bi Mwatumu amekwenda Sindeni kwa dada yake, atarudi Jumapili. Ukuta wake wa mbele ni mpana, umekandikwa vizuri, na hauna kitu chochote. Nimeutazama miaka mingi nikiuhurumia.

Namchora mwenyewe hapo, mzima mzima, mara mbili ya kimo chake, ili waonekane wote wawili, yeye na kidole chake, tangu barabarani. Zuena sijamwambia, habari njema huharibika zikitangulia. Mzee mmoja aliyepita aliniuliza kama mwenye nyumba anajua. Nikamwambia atajua akifika, tena atajua kabla hajafika.

Bluu ninayo ndoo nzima.

Nimeanza na meno, kwa kuwa ndiyo magumu. Nimempa yote, hata yale aliyokwisha kung'oa.